Tuko Chiang Mai na watoto na bibi yao anakuja, wikendi tuwapeleke wapi tukarudi siku hiyo hiyo?

MamaSalma_Tanga

Asalam aleikum na habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kwa mtu yeyote anayeujua huu mji wa Chiang Mai kule kaskazini ya Thailand, najua humu kuna watu wamekaa huko kwa masomo au kazi. Mume wangu alipata nafasi ya masters hapa, tumehamia mwezi wa nane, mimi na watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike ana 4. Mpaka sasa tumezunguka mji mkongwe tu, ule ulio ndani ya handaki la maji, mahekalu tumeona mpaka mdogo akasema mama mimi sitaki tena nyumba ya dhahabu. Na mall. Basi.

Sasa mama mkwe anakuja mwezi wa 12 kukaa na sisi wiki tano. Ana miaka 68, ni mzima alhamdulillah ila magoti, ngazi hawezi, akipanda kumi tu anakaa chini. Na hajawahi kutoka nje ya Tanzania zaidi ya kwenda Mombasa, kwa hiyo nataka afurahi kweli kweli, sio akae ndani anaangalia katuni na wajukuu. Nimegugo, kila ukurasa unaniambia kilele, maporomoko, ngazi mia tatu, kamba za kurukia msituni, ile ni ya vijana wenye mabegi mgongoni.

Gari hatuna. Bajeti ni ya mwanafunzi. Mume yuko huru Jumamosi na Jumapili tu, Ijumaa mchana ni swala. Na chakula iwe halali au angalau samaki na mboga. Kijana wangu yeye kashikilia jambo moja tu, anataka kuona panda maana aliona picha kwenye kitabu cha zamani pale shuleni.

Niambieni mlikoenda nyinyi wenyewe na familia, sio ya kusoma.

Mwalimu_wa_Kisii

Karibu sana dada. Mimi nafundisha shule moja hapa Chiang Mai, mwaka wa tano sasa, na mama yangu mzazi alikuja 2023 akakaa miezi miwili, magoti yake ni hayo hayo ya mama mkwe wako, kwa hiyo nakuandikia vitu nimefanya na mtu mzima mwenye fimbo mkononi.

Kwanza usafiri. Zile pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili nyuma wanaziita songthaew au rot daeng, watu wa umri wa mama mkwe wako nadhani watakumbuka chai maharage za Dar, mnakaa mnaangaliana. Mjini unapanda kama daladala, ila kitu watu wengi hawajui ni kwamba unaweza kumkodi dereva siku nzima. Usiende kwa wale waliopaki kwenye lango la Tha Phae la mji mkongwe au kwenye soko la usiku, hao bei yao ni ya watalii. Tafuta dereva mnayepanda naye mara kwa mara mtaani kwenu, mwonyeshe ramani kwenye simu, mwambie saa ya kutoka na saa ya kurudi, mkubaliane jumla pamoja na mafuta. Sisi huwa tunalipa kati ya baht 1,500 na 2,000 kutegemea umbali, na mkiwa familia mbili mnagawana inakuwa nafuu kabisa. Mwombe nyanya akae mbele na dereva, huko nyuma upepo wa Desemba asubuhi unauma na kupanda ile ngazi ya chuma ni shida.

Sasa pa kwenda. Kama ningeambiwa nichague siku moja tu ya mama yangu ningechagua tena San Kamphaeng, chemchemi za maji moto. Ni kama kilomita 35 mashariki ya mji, barabara tambarare, hakuna kona za milimani. Ni bustani kubwa yenye miti na majani, katikati maji yanaruka juu yakiwa yanachemka kabisa na moshi mweupe, harufu kidogo ya kiberiti. Pale mlangoni unanunua mayai, wanakuwekea ndani ya kikapu kidogo cha mianzi chenye mpini, unakitundika kwenye kisima cha maji moto, unasubiri dakika kadhaa yanaiva. Watoto wangu hawajawahi kupenda mayai nyumbani lakini pale walikula manne manne. Halafu kuna mfereji mrefu wa saruji maji yamepoa njiani, unakaa pembeni unatumbukiza miguu, kadri unavyosogea kushuka ndivyo maji yanavyokuwa baridi zaidi, kwa hiyo kila mtu anachagua pake. Mama yangu alikaa saa mbili. Aliongea na bibi mmoja wa Kithai kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana vizuri sana, walikuwa wanaonyeshana magoti.

Njiani mpite Bo Sang, kijiji cha miavuli, ni karibu tu, hata kilomita 10 kutoka mjini haifiki. Miavuli ya karatasi inayotengenezwa kwa maganda ya mti wa mforosadi, fremu ya mianzi, unaona kila hatua imekaliwa na mtu wake, mmoja anachonga vijiti, mwingine anabandika karatasi, na wachoraji wako mwisho. Unaweza kuwapa kava ya simu au begi la mtoto wanakuchorea ua au kipepeo palepale kwa pesa kidogo. Yote ni chini, hakuna ngazi.

Msiongeze kitu cha tatu siku hiyo, hata dereva akiwaambia kuna pango karibu. Pango la Muang On liko kweli upande huo huo lakini ni ngazi za kupanda halafu ngazi za kushuka ndani, kwa bibi hapana.

pwani_mpaka_pwani

Wa aleikum salaam mama Salma. Mimi wa Unguja, nilikaa Chiang Mai miezi minne 2019 kwa kozi. Nakujibu habari ya chakula maana mwanzo mimi nlikula ndizi na mayai wiki nzima kwa woga, kitimoto kimejaa kila mahali, hadi mboga wanakaangia mafuta yake.

Nenda msikiti wa Ban Haw, uko karibu na soko la usiku, kichochoro cha Charoen Prathet. Ule ni msikiti wa Waislamu wa asili ya Yunnan, China, babu zao walikuwa wafanyabiashara wa misafara ya baghala, wale wa punda na farasi, waliokuwa wakishuka na mizigo mpaka huku. Pembeni ya msikiti kuna mikahawa ya halali na hapo ndio ukale khao soi, tambi za mayai kwenye mchuzi wa nazi na bizari, na juu yake wanamwagia tambi zilizokaangwa zikakauka, kuna kuku au ng'ombe. Mama mkwe wa Tanga akionja atasema hii nazi ni ya kwetu. Watu wengi pale husema chakula chenyewe kimetokana na hao hao Waislamu wa misafara.

Sasa kwa kuwa Ijumaa mumeo anaswali, nenda naye asubuhi mapema. Ijumaa asubuhi mbele ya msikiti kuna gulio, watu wa milimani wanashuka, Wayunnan, Washan, wanauza majani ya chai, maharage, mboga za baridi, tambi za mchele, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, vitumbua fulani hivi vya wali. Bibi atapenda gulio kuliko hekalu lolote, niamini. Na atakutana na mashokishoki na doriani na mafenesi akiona kumbe hawa watu ni jirani zetu wa matunda, ila mashokishoki na doriani msimu wake mkubwa ni katikati ya mwaka, Desemba mtapata stroberi.

Siku za matembezi nunua chakula pale asubuhi mfunge mwende nacho. Wali wa kunata ukiwekwa kwenye kikapu chake haupoi haraka, kuku wa kuchoma wa pale, basi.

Njuguna254

Kwa panda pole sana kwa kijana. Chiang Mai Zoo walikuwa na panda kweli, wawili waliletwa kutoka China 2003, Chuang Chuang na Lin Hui, 2009 wakazaa mtoto Lin Ping, nchi nzima ilikuwa inamfuatilia kwenye TV. Lakini Lin Ping alirudishwa China, baba mtu akafa 2019 na mama akafa 2023, so sa hii hakuna panda hata mmoja pale. Mwambieni mapema kabla hamjafika getini, mimi nilikuwa sijajua, wangu alilia njia nzima na hiyo siku haikupona tena.

Zoo yenyewe ni poa bado, iko kwenye mteremko chini ya mlima Suthep, ni kubwa na ya kupanda kushuka, msiende kwa miguu, kuna magari ya ndani yanazunguka.

MamaSalma_Tanga

Jamani ahsanteni, nimesoma nikapata raha. @Mwalimu nimemwonyesha mume wangu akasema hiyo ya mayai tunaenda. @pwani nimecheka kwa furaha hapo kwenye nazi maana mama mkwe hali mchuzi usio na nazi.

Habari ya panda nimemwambia jana usiku. Kanyamaza, halafu akauliza walikufa kwa nini. Tumesoma pamoja. Sasa kahamia kwa tembo, anasema kama panda hamna basi tembo. Wenzangu kwenye kozi ya lugha wanasema kuna mahali unawapanda mgongoni. Mnasemaje? Na hii Doi Inthanon kila mtu anaitaja, bibi ataiweza?

Dr_Mlimani

Doi Inthanon ataiweza, na msiiache. Watu wakisikia mlima mrefu kuliko yote Thailand, mita 2,565, wanafikiri Kilimanjaro, kumbe barabara ya lami inafika hadi kileleni, unashuka kwenye gari unatembea hatua chache ndani ya msitu wenye ukungu na kuvumwani kwenye miti. Mlima umepewa jina la mfalme mmoja wa mwisho mwisho wa Chiang Mai, Inthawichayanon, alifariki 1897 na majivu yake yako pale juu.

Tulienda mke wangu na watoto watatu na shangazi yangu. Nakupa ya kuzingatia:

Ni kama kilomita 100 kwenda tu, kwa hiyo mtoke saa 12 asubuhi na msitumie songthaew, kodini gari dogo au van iliyofungwa. Baridi jamani. Desemba na Januari alfajiri kule juu kunashuka mpaka karibu na sifuri, kuna siku majani yanaota barafu na Wathai wenyewe wanapanda usiku kwenda kuiona. Bibi avae kama anakwenda Lushoto mwezi wa saba halafu aongeze koti juu. Kona zipo, mtoto wa miaka 4 asinywe maziwa asubuhi, wetu alitapika mara mbili kabla hata ya geti. Geti la hifadhi wageni walilipa 300 mtu mzima na 150 mtoto, mume abebe kitambulisho cha chuo aulize kama wanampunguzia.

Kile kinjia cha mbao cha Ang Ka pale kileleni ni kifupi, lakini kina vingazi na unyevu unateleza, bibi aishie mwanzoni inatosha. Zile pagoda mbili za mfalme na malkia, moja ya 1987 nyingine ya 1992, zina bustani ya maua ya ajabu na kuna ngazi za umeme, kwa hiyo asiogope. Wachirathan ni maporomoko unayaona ukiwa karibu kabisa na maegesho, rasharasha inakufikia usoni na jua likiwa zuri kuna upinde wa mvua, pale bibi akae kwenye benchi. Soko la Wahmong, kabila la watu wa milimani, liko kando ya barabara, matunda makavu, stroberi, viazi vitamu vya kuchoma. Hizo stroberi zina historia, zamani milima hii ilikuwa mashamba ya kasumba, yaani afyuni, mwaka 1969 ukaanzishwa mradi wa kifalme wa kuwapa wakulima mazao mengine ya baridi, stroberi, kabichi, kahawa, maua. Kijana wa miaka 9 anaelewa hiyo ukimweleza.

Kew Mae Pan, ile njia ya kutembea pembeni ya mlima, iacheni mpaka watoto wakue.

twende_tu

Mi naona mnamchosha mama wa watu na mambo ya miguu kwenye maji. Desemba yote hiyo apelekwe Chiang Rai akaone White Temple, ile nyeupe yote, alijenga msanii Chalermchai Kositpipat kuanzia 1997, hakuna kitu kama ile duniani. Kuna matripu ya siku moja yanachukua watu hotelini saa 1 asubuhi.

Mwalimu_wa_Kisii

@twende_tu hekalu ni zuri sana sikatai, nimelipenda. Lakini ni zaidi ya saa 3 kwenda na zaidi ya saa 3 kurudi, kwenye van yenye watu kumi, na mnapewa nusu saa hapa nusu saa pale mwongozaji ameshika bendera. Mzee wa miaka 68 na mtoto wa 4 wote watakuwa wamevimba miguu. Kama wanataka Chiang Rai walale usiku mmoja. Mama Salma kauliza siku hiyo hiyo.

Sasa tembo. Dada naomba hapa nikuombe kitu kwa moyo wangu wote, usiwapandishe watoto mgongoni mwa tembo. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunamjua tembo, umemwona Mikumi au Tsavo, hakuna anayemkaribia. Ili yule mnyama akubali kubeba benchi la chuma na watu wawili kutwa nzima anavunjwa akiwa mdogo, kwa kufungwa na kupigwa, mpaka anyamaze. Na uti wa mgongo wake haukuumbwa kubebea hapo katikati.

Lakini pia usiwaone wafugaji kama watu wabaya, kuna historia. Tembo hawa walikuwa wanavuta magogo msituni, vizazi na vizazi, halafu mwishoni mwa 1988 yakaja mafuriko makubwa kusini, ikaonekana misitu imekatwa mno, na 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji. Ghafla tembo na wenye tembo hawana kazi, na tembo mmoja anakula zaidi ya kilo 100 kwa siku. Ndio wakaingia kwenye utalii.

Kwa hiyo nenda mahali ambapo hakuna kupanda, hakuna maonyesho ya kuchora picha wala mpira, na afadhali zaidi hata kuoga nao hakuna, unawatazama na kuwaandalia chakula. Bonde la Mae Taeng kaskazini kuna Elephant Nature Park, ya mama mmoja anaitwa Lek Chailert, ndio wanajulikana kuliko wote. Oktoba 2024 mafuriko yaliwaingilia, usiku na mchana wakihamisha tembo kupeleka juu, wawili walikufa maji, mji mzima tuliumia. Ukibuki waambie una bibi asiyetembea sana, waulize mapema sehemu ya kukaa kivulini iko wapi. Sio rahisi kwa bajeti ya mwanafunzi, siku nzima inazidi baht 2,000 kwa mtu mzima, mimi ningempeleka kijana na baba yake tu halafu wewe, bibi na mdogo mkaenda ziwani.

mkewasafari

Ziwani ndio nilikuwa nangoja mtu aseme!! Huay Tung Tao. Hapa ndio sisi tulikuwa tunakwenda karibu kila Jumapili mwaka mzima tuliokaa. Ni ziwa liko chini ya milima upande wa kaskazini magharibi, nusu saa tu kutoka mjini, na pembeni yake kote kuna vibanda vya mianzi vimejengwa juu ya maji, vya kuezeka, unavua viatu unakaa kwenye mkeka, wanakuletea samaki mzima wa kuchoma aliyepakwa chumvi, saladi ya papai bichi, wali wa kunata. Bibi analala hapo hapo kwenye mkeka na upepo wa ziwa. Watoto wanatazama samaki chini ya sakafu kupitia nyufa. Hakuna ratiba, hakuna mtu anakufukuza. Wathai wenyewe ndio wanakuja na familia zao na bibi zao, na wakiona bibi mwenye kanga wanakuja kusalimia, wanampenda mtu mzima hawa watu, wanamwinamia kabisa.

Pilipili waambie mai phet, maana yake isiwe kali. Hata hivyo itakuwa kali.

Kwa wakubwa zaidi kuna maporomoko ya Bua Tong, saa moja na kitu kaskazini, kiingilio bure. Maji yake yana chokaa, miaka na miaka ile chokaa imeganda juu ya mwamba ikafanya ngozi ya rangi ya krimu yenye mikwaruzo, kwa hiyo haitelezi, unapanda maporomoko kwa miguu mitupu maji yakikupita magotini, kama mjusi ukutani. Kijana wako wa 9 atakumbuka maisha yake yote. Kuna kamba za kushikia. Muonyeshe tu asikanyage penye kijani, pale ndio panateleza. Na uzuri kwa bibi, maegesho yako JUU ya maporomoko, kwa hiyo yeye anabaki juu kwenye majani na mkeka na birika la chai, nyinyi mnashuka na kupanda mkija kwake. Muende asubuhi, siku za sikukuu panajaa.

Njuguna254

Na mtu asisahau kumwambia habari ya moshi. Mama mkwe akitaka kuongeza muda mpaka Machi mkatalieni. Kuanzia Februari mpaka Aprili wanachoma mashamba na msitu unawaka, moshi unakaa kwenye bonde hautoki, kuna siku Chiang Mai inatajwa ya kwanza duniani kwa hewa mbaya, mlima Suthep ulio pale pale juu ya mji hauuoni. Mtoto wangu ana pumu, mwaka wa kwanza hatukujua tukaishia hospitali usiku. Novemba mpaka Januari ndio msimu wa kutoka nje, mtumie kila wikendi.

MamaSalma_Tanga

Nimerudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidi. Mama mkwe kafika tarehe 6, leo ni wiki ya tatu.

Ijumaa ya kwanza tukaenda gulio la Ban Haw. @pwani_mpaka_pwani Mungu akubariki, mama aliingia mle kama kaingia soko la Mgandini, anashika kila kitu, ananusa, anauliza bei kwa Kiswahili na wanamwonyesha kwa vidole. Kuna mama mmoja muuza chai, amejifunga mtandio, mama akamtolea salamu, yule akaitikia, wa aleikum salaam, wakashikana mikono wote wawili machozi yakawatoka na mimi pia. Hakuwa ametegemea huku mbali hivi kumkuta mtu wa kumwitikia. Khao soi kala bakuli mbili.

Jumamosi ya pili San Kamphaeng. Tulimpata dereva mtaani kwetu tukakubaliana 1,600, familia ya Mburundi anayesoma na mume wangu wakajiunga, tukagawana. Mama alikaa mbele. Binti yangu mdogo ndiye aliyeshika kikapu cha mayai na hakumpa mtu, alisimama pale na baba yake akihesabu mpaka mia, akisahau anaanza upya. Mama yeye alikunja doti lake akatumbukiza miguu kwenye mfereji na kuanzia hapo hatukumsikia, mpaka saa 8 mchana nilipomwambia tunaondoka, akasema nendeni nyinyi kwanza. Jioni nyumbani aliinuka kwenye kochi bila kushikilia meza. Kesho yake magoti yaliuma tena kama kawaida lakini anataka turudi, tunarudi Jumamosi hii.

Bo Sang nilimchorea mwavuli mdogo mwekundu wenye maua. Anaufungua ndani ya nyumba.

Kijana na baba yake walienda Mae Taeng kwa tembo wiki iliyopita, tulibana kidogo matumizi mengine. Karudi ananiambia mama masikio ya tembo wa hapa ni madogo, halafu kuna mmoja ni kipofu ana rafiki yake anatembea naye kila mahali anamwongoza. Habari hiyo kaisimulia kwa kila mtu kwenye simu mpaka kwa babu yake Tanga. Siku hiyo sisi tulikuwa Huay Tung Tao na samaki wa chumvi, na bibi kweli alilala.

Inthanon bado, tumepanga mwaka mpya na @Dr_Mlimani maziwa sitampa. Swali langu moja limebaki, kuna mtu amepanda treni kwenda Lamphun na watoto? Nimeambiwa ni nusu saa tu, mama anataka kupanda treni, anasema mara ya mwisho alipanda ya Tanga akiwa msichana.

Mwalimu_wa_Kisii

Dada nimesoma nikamsomea mke wangu kwa sauti. Treni ya Lamphun ndio, chukueni ile ya kawaida ya asubuhi, daraja la tatu, madirisha yanafunguka, tiketi ni sarafu chache tu. Kukata tiketi ni pale pale stesheni. Stesheni ya Lamphun mpaka hekalu la Hariphunchai ni mbali kidogo kwa bibi, mchukue bajaji. Na ule mji ni mkongwe kuliko Chiang Mai yenyewe iliyoanzishwa 1296, umetulia, hakuna kelele.

Kama wataipenda treni, siku nyingine mwende nayo mbele zaidi mpaka Lampang, baada tu ya stesheni ya Khun Tan mtapita kwenye handaki refu la mita 1,352 limechimbwa mlimani likamalizika 1918, injinia wake alikuwa Mjerumani, Eisenhofer, kaburi lake liko hapo stesheni ya Khun Tan. Taa za behewa zinawaka, madirisha yanakuwa meusi, watoto wanapiga kelele behewa zima, na wakati wa kurudi mkitoka upande wa pili mko Khun Tan kwenye baridi na miti ya maua. Ratiba ya kurudi muipige picha pale stesheni kabla hamjaondoka, treni za kurudi ni chache.

Jumamosi ya tarehe 10 mimi na familia tuko huru. Mama mkwe akikubali tungependa twende wote.

MamaSalma_Tanga

Kakubali kabla sijamaliza kusoma. Anauliza mke wako anapenda visheti au kashata, apike za njiani.